Fimbo Isiyogusa Chini

Mzee Talib Ubwa alikuwa na mambo mawili asiyotaka kuulizwa na mtu: umri wake na goti lake la kushoto. Umri aliuacha kwenye kitambulisho, na kitambulisho akakiacha kabatini. Goti alilificha ndani ya kanzu, na kanzu zake zilikuwa nyeupe, zimepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama yenyewe. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda chake Mkunazini, na tangu ujana wake alipenda kuonekana. Kila asubuhi aliteremka ngazi ishirini na mbili za nyumba yao ya Kiponda akijishikilia ukutani na kuuma meno. Akifika chini alijinyoosha, akaiweka sawa kofia yake, ndipo akatoka mlangoni kama bwana harusi. Njiani maumivu yakizidi alisimama akasoma matangazo yaliyobandikwa ukutani, na watu wa mtaani wakamwona mtu wa kupenda habari.

Mkewe, Bi Mwatima, alimshauri mara moja tu kwamba anunue fimbo ya kutembelea. Mzee Talib akajibu kuwa mkongojo ni wa wazee. Siku hiyo alikuwa ametimiza miaka sabini na moja.

Bi Mwatima hakuwa mtu wa kurudia neno. Miaka thelathini na minne alisomesha jiografia, na kila mwaka aliuchora mlima Kilimanjaro ubaoni, akaupaka kilele chaki nyeupe na kuwatajia wanafunzi urefu wake kwa mita. Mlima wenyewe hakuwahi kuuona hata siku moja. Alipostaafu, wakakutana walimu wastaafu wanane, wote wanawake, wakaulizana wangapi kati yao wamewahi kuukaribia mlima waliousomesha maisha yao yote. Hakunyoosha mkono hata mmoja. Basi wakakubaliana kwenda kuupanda, wafike watakapojaaliwa.

Hapo ndipo nyumba ya Kiponda ilipoingia vituko. Bi Mwatima alijifunga mchele kilo tano mgongoni, akawa anapanda na kushuka zile ngazi mpaka juu ya paa, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, na majirani wakadhani amehamisha ghala. Jumamosi yeye na wenzake walikwenda Masingini, kile kilima cha njia ya Bububu ambacho sisi Waunguja tunakiita mlima kwa kukosa mwengine. Mzee Talib aliyatazama yote hayo kwa jicho la pembeni. Aliuliza mwanamke wa miaka sitini na mbili anakwenda kutafuta nini mawinguni. Aliuliza tena, na tena, na siku ya safari hakwenda bandarini kumsindikiza, akasingizia saa ya mteja.

Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu. Hofu ya mwanamume mzima ina tabia ya kutoka mdomoni ikiwa imevaa nguo za hasira, na Mzee Talib hakujua njia nyingine ya kuitoa. Siku zote ambazo mkewe alikuwa mlimani hakutengeneza saa hata moja. Simu aliiweka mfuko wa kifuani, na kila baada ya sala alimpigia binti yao Nadra, aliyeolewa Fumba, kumwuliza kama mama yake amesema lolote.

Bi Mwatima akarudi. Uso ulikuwa umeungua jua la baridi, midomo imepasuka, na mkononi ameshika fimbo. Alipanda ngazi, akasimama mbele ya mumewe sebuleni akiwa bado na fimbo yake, akangoja. Mzee Talib alitaka kusema mengi. Akasema, "Alhamdulillahi, umerudi salama. Ushakula?"

Bi Mwatima akamtazama, akaitazama fimbo. Akajibu kwamba alikula ndani ya boti. Kisha akaomba nyundo, akapigilia misumari miwili ukutani juu ya televisheni, akaitundika fimbo yake pale, akaenda kuoga.

Ilikuwa fimbo nzuri, hata adui wa mikongojo hakuweza kulikana hilo. Mti wake mwekundu wa kahawia, mwepesi, umesuguliwa mpaka unateleza. Kichwani imezungushiwa ngozi na chini imevishwa ncha ya chuma. Ubavuni ilikuwa na alama nne zilizochomwa kwa moto, kila moja kijilima kidogo, zikipanda kutoka chini kwenda juu. Bi Mwatima aliwaeleza wageni kuwa kila alipofika kituo mwongozaji wao alipasha waya moto jikoni na kumchomea alama: getini Marangu, Mandara, Horombo, na Kibo. Kutoka Kibo aliambiwa na pumzi zake mwenyewe kwamba imetosha, akashukuru, akageuka. Hayo aliwaeleza wageni. Mumewe hakuuliza, naye hakumweleza.

Lakini kila Bi Mwatima alipokwenda sokoni, Mzee Talib aliinuka akaenda kuitazama. Akazipitisha alama kidole, akajaribu kukisia mkewe alikuwa na hali gani pale Horombo, alilala vipi, nani alimpa maji. Aliionea wivu ile fimbo. Ilikuwa naye siku ambazo yeye hakuwa naye, na sasa ilitundikwa juu ya televisheni ikimtazama. Jambo moja tu lilimshangaza, kwamba ilikuwa ndefu mno. Bi Mwatima ni mfupi, na fimbo ikisimama ilimfika karibu na sikio. Akajiambia kwamba wauzaji wa bara wamemwona mgeni wakamuuzia isiyouzika.

Yaliyotokea baadaye yalianzia barazani. Pale penye kahawa, karibu na nyumba yao, alikuwapo Kificho, rafiki yake tangu chuo cha Kurani, mtu mwenye shaka na kila kitu isipokuwa shaka zake mwenyewe. Jioni ya Alhamisi Kificho alisema kuwa wanawake wale, kwa heshima zote, walifika getini, wakapiga picha, wakarudi. Watu wakacheka. Mzee Talib hakucheka. Usiku ule chakula hakikumpita.

Asubuhi ya pili yake, Ijumaa, Bi Mwatima alikuwa Fumba kwa Nadra, atakaa huko mpaka Jumapili. Mzee Talib akavaa kanzu, akapanda juu ya kiti kwa tabu iliyomtoa jasho, akaishusha fimbo.

Sasa tazama namna alivyokwenda nayo. Aliibana kwapani kama mtu anayepeleka bomba kwa fundi, na njia nzima, goti likimlilia, hakuiacha ncha ile ya chuma iguse chini hata mara moja. Asije mtu akadhani anaiegemea. Alipofika barazani aliilaza mapajani mwa Kificho, akamshika kidole, akakipitisha kwenye alama moja baada ya nyingine. Akamsomea kila kituo na urefu wake kwa mita, maana miaka yote ile alikuwa akimsikia mkewe akitayarisha masomo. Kificho akauliza, haya, lakini kileleni kafika?

"Kafika pale alipotaka kufika," akasema Mzee Talib. "Wewe umefika wapi?"

Baraza nzima ikamcheka Kificho. Mzee Talib akapata nguvu, akamsifu mkewe muda mrefu mpaka kahawa ikapoa. Alisifu miguu yake, subira yake, akili yake, hata ule mchele wa mgongoni. Laiti Bi Mwatima angalikuwepo. Katika maneno yote yale hakuna hata moja ambalo alikuwa amewahi kumwambia yeye.

Adhana ya kwanza ikamkuta hapo hapo. Kurudi nyumbani kuiweka fimbo kulitaka ngazi ishirini na mbili za kupanda na ishirini na mbili za kushuka, na goti lilikwisha kumaliza akiba yake. Akaona bora aende nayo msikitini. Kuiacha mlangoni kwenye viatu hakuthubutu, kwa kuwa Ramadhani iliyopita aliingia na makubadhi ya ngozi akatoka na ndara mbili, zote za mguu wa kulia. Basi akaingia nayo ndani, akaiegemeza kwenye kona ya mimbari, mahali ambapo hata mwizi humwogopa Mungu. Akaenda kukaa mwisho wa safu ya kwanza, karibu na ukuta, akaunyoosha mguu ndani ya kanzu. Alijisifu kwa busara yake.

Kitu ambacho hakukijua ni hiki. Ijumaa ya nyuma hakuja msikitini. Goti lilikuwa limefura, akasali nyumbani, na watu akawaambia kwamba alikwenda Mkokotoni kwenye shughuli. Na Ijumaa hiyo ndipo ilipotangazwa kuwa fimbo anayoishika khatibu wakati wa hotuba imeliwa na mchwa, na mwenye uwezo ajitolee nyingine iwe wakfu ya msikiti. Mficha uchi hazai, na mficha goti hapati habari.

Makungu, mwadhini, alipokwenda kuitafuta fimbo ya kale ili kumpa khatibu, aliikuta kwenye kona fimbo mpya, inang'aa, imesimama inangoja. Uso wake ukafunguka. Akaichukua kwa mikono miwili akampa Sheikh Kheir, na Sheikh Kheir akapanda nayo mimbari.

Mzee Talib akafungua mdomo, akaufunga. Hotuba ilikuwa imeanza, na wakati wa hotuba hata kumwambia mwenzio "nyamaza" ni kosa, seuze kupiga kelele kwamba hiyo ni fimbo ya mke wangu. Akakaa. Alimtazama Sheikh Kheir akiegemea Mandara na Horombo kwa kiganja kimoja. Sheikh Kheir naye si mrefu, na fimbo ilimlazimisha kuunyanyua mkono mpaka kiwiko kikakaa juu. Hotuba ilihusu uaminifu, na Mzee Talib aliiona ndefu kuliko zote alizopata kusikiliza.

Mwisho wake sheikh akaomba dua. Akamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kheri yule aliyeitoa fimbo hii, amzidishie, ampe afya ya viungo vyake. Watu wakaitikia amin. Mzee Talib, kwa mazoea ya miaka mingi, ulimi wake ukatangulia akili yake, naye akaitikia amin.

Pale pale baada ya sala palikuwa na nafasi ya kusema. Angalisema, yangalikwisha kwa kicheko. Lakini Kificho alimfikia kwanza, machozi yamemlengalenga, akamkumbatia. Alisema kwamba sasa ameelewa, asubuhi ile mwenzake alikuwa akiiaga fimbo yake, na yeye mjinga akamfanyia mzaha. Wengine wakaja kumpa mkono. Mtu mmoja wa Malindi aliyekuwa hamjui kabisa akambusu bega. Mzee Talib akatabasamu. Wallahi alitabasamu tu, hakusema uwongo wowote, lakini kuna kutabasamu ambako ni uwongo mtupu, naye alilijua hilo wakati uso wake ukifanya.

Siku mbili zile alikula sebuleni akiupa ukuta mgongo. Misumari miwili ilikuwa imebaki wazi. Alitundika mwavuli, akaona umejishitaki wenyewe, akautoa. Jumamosi alikwenda madukani kwenye vinyago kutafuta fimbo ya kufanana nayo, hata waya akakusudia kuupasha moto mwenyewe, mkono wa fundi saa haushindwi na alama nne. Fimbo aliziona nyingi. Akasimama mbele yake, akajiona anamchomea mkewe mlima wa uwongo baada ya yeye kuupanda wa kweli, na haya zikampanda mpaka masikioni. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Jumapili, kabla ya adhuhuri, Bi Mwatima akapanda ngazi na kikapu chake. Akatoa salamu, akautazama ukuta, kisha akamtazama mumewe.

"Mama Nadra," akasema Mzee Talib, "fimbo yako nimeitia msikitini."

Akamwambia yote, tangu Kificho na picha za getini mpaka mtu wa Malindi na busu lake la begani. Hakuiruka hata ile amin. Bi Mwatima alimsikiliza akiwa amesimama, kikapu mkononi, kwa utulivu ule ule aliokuwa akiwasikilizia wanafunzi waliokuja bila ya kazi zao. Alipomaliza, akauliza swali moja.

"Ulipokuwa ukenda nayo, uliiegemea?"

"Hata. Nliibeba kwapani."

"Haikugusa chini mara moja?"

"Wallahi haikugusa," akasema Mzee Talib, akidhani amepata la kujitetea.

Bi Mwatima akaweka kikapu chini, akakaa. Alianza kucheka, na katikati ya kicheko macho yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Fimbo ile si yangu, Baba Nadra. Nimeinunua pale getini siku ya kwanza, sijapanda hata hatua moja. Muuzaji kanipimia ya kimo changu, nikamwambia sitaki hiyo. Nataka ya mtu anayenipita kichwa kizima, na kofia juu yake."

Bi Mwatima akamweleza polepole, kama ilivyokuwa. Wenzake walimcheka njia nzima kwa kupanda na mti unaomzidi. Kila alipofika kituo na miguu ikamwambia basi, aliitazama ile fimbo, akakumbuka ni ya nani, akaendelea hadi kituo cha mbele. Alama zile yeye ndiye aliyezitaka, mwongozaji hana desturi hiyo. Alimwomba, na mwongozaji akadhani ni mambo ya watu wa pwani.

"Nlijua mkongojo huupokei," akasema. "Nikasema ngoja niupandishe mlima kwanza, urudi una cheo. Labda wenye cheo utaushika."

"Mbona basi hukunipa?"

"Nlikuja nayo mpaka mbele yako. Nlikuwa nangoja useme neno. Ukaniuliza kama nshakula."

Wacha wasemao kwamba watu wazima hawaumizwi na maneno. Mzee Talib aliumizwa na lile moja kuliko goti lake lilivyomuumiza miaka yote miwili. Aliinama akaitazama mikono yake, mikono iliyoweza kurekebisha kitu kidogo kuliko punje ya mchele, akaona kwamba haina la kufanya. Akauliza kwa sauti ndogo sasa afanye nini. Bi Mwatima akainuka na kikapu chake.

"Mali ni yako. Ukitaka kuiacha wakfu, iache, thawabu zako. Ukiitaka, kaiombe kwa mdomo wako. Mie siendi."

Jumatatu baada ya alasiri akamfuata Sheikh Kheir. Sheikh, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya ishirini na aliyefundishwa kusoma ramani na Bi Mwatima mwenyewe, alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho. Mara mbili alilazimika kuziba mdomo kwa mkono. Kisha akamtoa wasiwasi: kitu hakiwi wakfu kwa kuegemezwa ukutani, mpaka mwenye mali atamke, na yeye hakutamka. Fimbo ni yake, halali.

Mzee Talib akanyoosha mkono kuichukua. Sheikh Kheir hakumpa.

"Mzee wangu, mie nlitangaza mbele ya watu," akasema. "Ikiondoka kimyakimya, Ijumaa ataulizwa Makungu. Nawe unajua walimwengu, watasema kaiuza. Mbele ya watu ilipoingia ndipo itakapotokea, na atakayesema ni wewe."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ilimpasa asimame mbele ya msikiti mzima avue mambo mawili kwa mpigo mmoja: sifa ya ukarimu ambayo haikuwa yake, na siri ya goti ambalo lilikuwa lake. Na njia ya kukwepa ilikuwepo, tena nyepesi. Angenyamaza tu. Fimbo ingekaa msikitini, jina lake lingekaa midomoni mwa watu, na Makungu asingesumbuliwa na mtu. Angeendelea kusoma matangazo ya ukutani mpaka mwisho wa umri wake, na kila Ijumaa angeitazama zawadi ya mkewe mkononi mwa mtu mwengine.

Wiki ile watu walizidi kumheshimu. Kificho akamlipia kahawa siku tatu mfululizo, jambo lisilopata kutokea. Mzee Talib aliinywa na haikupita vizuri. Nyumbani Bi Mwatima hakumwuliza kitu. Misumari miwili ilibaki ukutani, wala hakuna aliyeing'oa.

Ijumaa ikafika. Mzee Talib akavaa kanzu yake nzuri, akachukua kifurushi kirefu kilichozungushiwa gazeti, akateremka ngazi kwa kuushika ukuta. Mkewe alibaki juu kwa kuwa alikuwa na wali jikoni, au ndivyo alivyosema. Hotuba ikapita, khatibu kiwiko juu, sala ikasaliwa. Watu walipotaka kuinuka Sheikh Kheir akawaomba wakae kidogo, Mzee Talib Ubwa ana neno. Nyuso zote zikamgeukia kwa upole, kwa kudhani labda ametoa na mazulia. Makungu akamletea maikrofoni, ile ile ya kuadhinia.

Mzee Talib akasimama. Goti lilitetemeka, na safari hii hakulificha.

"Assalamu alaykum. Ndugu zangu, fimbo ile sikuitoa. Nlikuja nayo kuiringia, nikaiweka pale isije ikaenda njia ya makubadhi yangu. Dua mliyoniombea niliitikia na mimi, na haikuwa haki yangu. Mniwie radhi."

Kificho, safu ya pili, akainamisha kichwa.

"Ni fimbo ya kutembelea," akaendelea. "Mguu wangu wa kushoto mbovu, mwaka wa pili sasa. Mnaponiona nasoma matangazo, sisomi. Mke wangu alinambia ninunue fimbo, nikamwambia ni ya wazee. Akenda yeye kuinunua, akapanda nayo Kilimanjaro, mwanamke wa miaka sitini na mbili, ili nisione haya kuishika. Nyote nshakwambieni namna nnavyojivunia mtu yule. Yeye peke yake sijamwambia."

Makungu akamsogelea, akamnong'oneza sikioni kwamba spika za mnarani ziko wazi tangu adhana, hakuwahi kuzizima. Mnong'ono wenyewe ukaingia katika maikrofoni, na Kiponda yote ikausikia.

"Basi huyo sasa ameshaambiwa," akasema Sheikh Kheir.

Msikiti ukacheka. Kilikuwa kicheko cha kupokea mtu, si cha kumtupa, na ndani yake Mzee Talib alijisikia mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni. Akafungua lile gazeti, akatoa fimbo nyingine, nyeusi, ya mpingo, ambayo alikuwa ameikata mwenyewe kwa kimo cha khatibu. Akatamka kwa sauti, na kwa ufasaha wote, kwamba hii ndiyo wakfu ya msikiti. Sheikh akaomba dua upya. Mzee Talib akaitikia amin kwa haki yake, na Kificho aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Makungu akamletea ile ndefu. Mzee Talib aliishika pale penye ngozi, na mkono ukakaa palipostahiki, si juu wala si chini. Mlangoni akavaa viatu vyake, ambavyo kwa rehema ya Mungu vilikuwepo vyote viwili. Akaishusha ncha mpaka sakafuni, akaiegemea.

Njia ya kurudi Kiponda aliijua tangu utotoni, lakini hakuwahi kuipita kwa sauti ile, chuma juu ya jiwe, hatua kwa hatua. Bi Shadya, jirani yao, alikuwa mlangoni kwake amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamcheza. Alimwamkia na kumpongeza. Kwenye ukuta wa matangazo Mzee Talib alipita bila ya kusimama.

Bi Mwatima alikuwa ameteremka. Alisimama mlangoni, kwenye ngazi ya chini kabisa, macho mekundu, na harufu ya wali ulioanza kuungua ikimfuata kutoka juu. Aliitazama fimbo ilivyosimama baina ya mawe mawili ya njia, na mkono wa mumewe ulivyotulia juu yake.

"Ushakula, Baba Nadra?" akauliza.

Mzee Talib akakubali kipigo, kwa kuwa kilikuwa halali yake.

"Bado. Lakini nna neno kwanza."

"Nshalisikia. Kiponda nzima imelisikia." Akashuka ngazi ile moja iliyobaki, akaja akasimama mbele yake, kichwa chake kikafika pale pale penye alama ya Kibo na kuipita kidogo. "Sema tena."

Mzee Talib akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo, akamwambia.